Ukisimama mbele ya mtungi wa Kigiriki

Mara ya kwanza nilipoingia Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia mjini Athens nilikuwa na orodha kwenye simu, niliyoitoa intaneti: nyoka ni hivi, ndege ni vile, mistari ya kona-kona ni uzima wa milele. Nikapita nikilinganisha kama karani anayehesabu magunia. Nilitoka na majibu tele, lakini chombo chenyewe sikukitazama hata kimoja.

Siku hizi naanza na swali jingine: hiki kilikuwa cha kazi gani?

Uone mtungi mkubwa wa Dipylon, eneo la makaburi la Athens ya kale, wa karibu mwaka 750 KK. Kimo chake ni zaidi ya mita 1.5, unanifika kidevuni. Haukuwa wa maji wala mvinyo. Ulisimamishwa juu ya kaburi la mwanamke. Ukishalijua hilo, ziache kwanza zile kona-kona zilizouzingira toka juu hadi chini (hakuna mfinyanzi wa enzi hizo aliyeacha maelezo yake, na anayekuapia maana anakuuzia maneno). Tazama kati ya vishikio viwili. Marehemu amelazwa kitandani, sanda ya miraba imeinuliwa juu yake ili aonekane, na waombolezaji wamejipanga huku na huku, mikono kichwani. Bibi yangu alikuwa akiniona nimejishika kichwa hivyo ananifokea: “Unamlilia nani?” Hapo orodha ya nini?

Kuna pia kikombe kipana cha mvinyo alichofinyanga Exekias karibu mwaka 530 KK, kipo Munich. Nje kina macho makubwa. Nilimweleza mpwa wangu, kwa sauti ya mwalimu, kwamba hiyo ni kinga ya kijicho. Huenda ni kweli. Hata majahazi ya Lamu huwekewa macho. Ila mtoto alichuchumaa, akakitazama kwa chini, akacheka: “Mjomba, ni sura ya mtu!”

Alikuwa sahihi. Mnywaji akikiinua kinywani, macho yale yanafunika yake, vishikio vinakuwa masikio, kitako kinakuwa mdomo. Wenzake karamuni wanatazamwa na kinyago, na yeye, kadiri mvinyo unavyopungua, anamwona Dionysos, mungu wa mvinyo wa Wagiriki, ndani, amejilaza kwenye jahazi, mzabibu umepanda mlingotini, pomboo saba wakimzunguka.

Kwa hiyo chuchumaa. Mlinzi atakukodolea macho, mwache.