Zawadi ya bethdei ya mtoto mdogo: anza kwa kumuuliza mama yake

Mimi ni shangazi wa huku, mama mdogo wa kule, na mama wa ubatizo wa wengine, kwa hiyo hapa Dar mialiko ya bethdei za watoto haikauki na kila ikija ndugu wananitafuta, "dada tununue nini?" Jibu langu huwa ni hilo hilo, mpigie mama yake, au dada anayeshinda na mtoto nyumbani, muulize mtoto anapenda kucheza nini siku hizi na vitu gani anavyo tayari. Watu wanaona aibu kuuliza eti itaharibu sapraizi, jamani sapraizi ni ya mtoto sio ya mama yake. Usipouliza ndo unakuta bethdei moja ina magari ya rimoti manne yanafanana, na ikifika jioni anayecheza nayo ni baba na wajomba.

Mama akikujibu "we njoo tu wifi, usijisumbue" usikate simu. Uliza vidogo vidogo: anavaa saizi gani, anaogopa midoli inayoongea (wapo wanaolia kabisa), na hapo mnapokaa kuna uwanja? Maana bembea la plastiki kwenye chumba na sebule ya kupanga ni mzigo, litaishia kuanikiwa nguo.

Mtoto anayetimiza mwaka 1 nitasema ukweli, ile sherehe ni ya wakubwa. Peleka pempasi za saizi yake, mama atakushukuru kuliko aliyeleta mdoli mkubwa, af ongezea mpira laini au vikopo vya plastiki vya kupanga na kubomoa, inatosha.

Miaka 2 na 3 ndo wanaiga kila kitu. Vyombo vya kujipikilishia, kifagio kidogo, simu ya plastiki, ndoo na koleo za kuchezea mchanga. Na usiniambie vyombo ni vya wasichana, nina mpwa wangu wa kiume ukimpa kisufuria na mwiko unamsahau saa nzima, anapika ugali wa mchanga na wote mtakula.

Ila umri huu ndo wa kuwa makini zaidi kwasababu kila kitu kinaenda mdomoni. Kuna alama ya duara jekundu lenye sura ya mtoto na namba 0-3 iliyokatwa kwa mstari, maana yake hicho kitu sio cha mtoto chini ya miaka 3, na hapo usijipe moyo eti "huyu mjanja". Midoli mingi ya huku kwetu haina hata hiyo alama, kwa hiyo pima mwenyewe, chukua lile bomba la boksi la katikati ya tishu ya chooni, kitu chochote kinachopita mle ndani kinaweza kumkaba mtoto. Gurudumu linalochomoka, jicho la mdoli lililogundishwa na gundi, vyote hivyo vivute kwa nguvu kabla hujalipa. Maputo pia, likipasuka okota vipande vyote, mtoto akivuta kipande kikaingia kooni kutoka ni shida.

Halafu vile vibetri vya duara kama vya saa, vinavyowekwa kwenye midoli ya kuimba, vitaa na hata kadi za bethdei zinazopiga muziki. Hivi naviogopa kuliko vyote. Mtoto akimeza kikakwama kooni, umeme wake ukikutana na ule unyevunyevu unatengeneza kemikali inayounguza nyama ya ndani, na ndani ya masaa 2 tu anaweza kuwa ameumia vibaya sana, hata kama betri ulishaiona imeisha. Kwa hiyo angalia kifuniko cha betri kama kimefungwa kwa skrubu, kama kinafunguka kwa kucha kiache hapo hapo dukani. Na ukihisi tu mtoto kameza, kimbia hospitali muda huo huo, usimtapishe, usisubiri kesho uone.

Kuanzia miaka 4 kazi inakuwa rahisi: mpira, krayoni na daftari la kuchorea, vitabu vya hadithi vya Kiswahili (duka la vitabu la TPH pale Samora huwa sitoki mikono mitupu). Baiskeli ni zawadi nzuri sana ila wabongo tunapenda kununua ya kukulia. Nguo sawa, nunua ya kukulia, baiskeli hapana. Akikaa kwenye siti miguu ifike chini, gurudumu la inchi 12 kwa wa miaka 3 au 4, inchi 16 kwa wa miaka 5 au 6, ikiwa kubwa zaidi ya hapo atakuwa anaitazama tu ukutani.

Hela? Mimi sioni ubaya, ila mpe mama mkononi na sema ni ya nini, la sivyo inaingia kwenye soda za wageni. Kama mtoto ana akaunti ya benki omba namba uweke humo.

Kama nyumbani kuna kaka au dada yake mdogo, mbebee na yeye kakitu, hata pakiti ya stika, utaokoa vilio.

Ukienda Kariakoo nenda asubuhi siku ya kazi, Jumamosi mchana hutapata nafasi ya kukagua kitu. Mwambie muuzaji afungue boksi, aweke betri, uone kinawaka, maana ukishatoka utaonyeshwa kibao cha "mali ikishauzwa hairudishwi". Akigoma kufungua usibishane naye, maduka ya midoli yamepangana pale, ingia la jirani.