Mwanangu, kuhusu maji niliyokataa kunywa

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unauliza kwa nini siku ile tulipokwenda Ukerewe sikugusa hata tone la maji, kama huku kubanwa na mkojo kila saa ni uzee tu, na kama na wewe yatakukuta. Nakujibu bila kuficha, maana mimi bibi yako hakuniambia kitu.

Niliogopa, mama. Meli kufika Nansio, bandari ya Ukerewe, ni mwendo wa saa tatu hivi. Kwenye kikapu, chini ya viazi, nilikuwa nimeficha kanga ya pili. Hali hii ilinianza pale sokoni Mwaloni: nikiinua gunia la dagaa, au nikipiga chafya, mkojo unaponyoka. Miaka miwili nilinyamaza, nikidhani ni aibu yangu peke yangu.

Dawa yangu ikawa kutokunywa maji, na hapo ndipo nilipokosea. Nesi mmoja alinielewesha: mkojo ukiwa mzito, wa rangi ya chai kavu, unakichokoza kibofu, nacho kinazidi kukuita chooni. UTI nayo, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, inapata mwanya.

Kibofu kinabadilika kweli mtu akiwa mtu mzima. Hakitanuki tena kama zamani, kinabeba kidogo, na wakati mwingine kinajikamua kabla hakijajaa. Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni inapungua, na utando wa njia ya mkojo unakuwa mwembamba na mkavu. Hata yale maji yanayovimbisha miguu mchana, ukilala yanarudi kwenye damu, figo zinayachuja, unaamka. Kuamka mara moja usiku kusikutishe.

Lakini kuvuja usikubali kuambiwa ni uzee, uvumilie. Wapo wanawake wa miaka 30 wanaovuja, wametoka tu kujifungua. Chini ya nyonga kuna misuli inayoshikilia kibofu, na uzazi unailegeza, na mizigo mizito inaichosha. Mimi nimezaa watano, na magunia sina hesabu.

Misuli hiyo inafanyiwa mazoezi. Bana kama unayezuia hewa isitoke, kisha vuta kwa ndani kwenda juu. Hesabu mpaka tano, achia, pumzika. Fanya hivyo mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Tumbo na mapaja viache vilegee, na pumzi usiizuie. Usizoee kufanya wakati unakojoa. Mimi nafanya nikiwa nachambua dagaa, hakuna anayejua. Mwezi wa kwanza sikuona kitu, na wa pili nilitaka kuacha. Mwezi wa tatu vumbi la dagaa likanipigisha chafya mbili mfululizo. Nikasimama, nikasubiri. Pakavu! Nilikaa juu ya gunia, machozi yakanitoka.

Chai ya usiku nimeiacha. Maji nakunywa mchana, kidogo kidogo.

Wewe una watoto wawili, anza leo, usingoje nywele ziwe nyeupe. Na ukiona damu kwenye mkojo, usikae nyumbani hata siku moja, nenda hospitali. Inaweza kuwa kichocho, inaweza kuwa kubwa zaidi. Maumivu na homa, au mkojo kugoma kutoka, ni hivyo hivyo. Ukikojoa sana huku una kiu isiyokwisha, kapime sukari.

Desemba ukija twende tena Nansio. Chupa ya maji nitabeba mimi, na ile kanga ya pili nitajitanda.

Mama yako,
Kirumba