Anti, bosi anasema sisi ni ajaili, mi naona vurugu tu

SWALI: Shikamoo Anti. Mi ni developa wa programu, timu yetu bosi anaitangaza kila mahali eti ni ajaili (Agile, ile namna ya kutengeneza programu kidogo kidogo kwa vipindi vifupi). Kila asubuhi tuna stendapu, yaani kikao cha timu cha kila siku, inakula saa nzima, bosi anafungua tiketi (kila kazi ina yake kwenye mfumo) moja moja kwenye skrini anauliza "hii mbona bado?", anayeulizwa anajitetea na wengine wote tuko kwenye simu. Sprinti, yaani kipindi kimoja cha kazi, ni wiki mbili, tunapanga Jumatatu, Jumatano anakuja na dharura kutoka juu ila cha zamani hakitolewi, tusipomaliza tunaambiwa hatujitumi. Pointi zetu za kukadiria ukubwa wa kazi anazilinganisha na za timu nyingine. Retro, kikao cha kujitathmini sprinti ikiisha, ipo, tunaandika malalamiko kwenye vikaratasi vya rangi yanaishia hapohapo. Nikae au nisepe? Au shida ni mimi?
Nimechoka na Stendapu

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapana, shida si wewe.

Ujue ajaili haikuletwa na mabosi. Februari 2001 watu 17 wa fani hiihii yenu walikutana Snowbird, Utah, kule Marekani, wakaandika ilani fupi tu, na cha kwanza kabisa wanachokithamini ni watu na jinsi wanavyoelewana kuliko taratibu na zana. Huko kwenu naona tiketi ndo zinaongoza watu. Na stendapu, kwa mwongozo wa Skramu (Scrum, njia moja ya kufanya ajaili) wa Schwaber na Sutherland walioianzisha, ni dakika 15, ni ya madevelopa wenyewe wapange siku yao, sasa hiyo ya kwenu ni hesabu ya asubuhi mbele ya msimamizi, mwiteni jina mnalotaka.

Pointi nisipoteze muda, ni makadirio ya timu yenyewe, 5 yenu si 5 ya jirani. Akizifanya fimbo watu watazipandisha, kazi ya 3 itaitwa 8, grafu itapendeza na programu iko palepale.

Kinachowaua ni hizo dharura. Usianze kubishana naye kuhusu ajaili ni nini, utaonekana mjuaji na hutashinda. Siku akileta kazi Jumatano muulize mbele ya wote, kwa upole kabisa, "sawa bosi, hii inaingia, ipi tunaitoa?" halafu nyamaza usubiri jibu, usimsaidie kujibu. Akisema zote, sawa, andika kwenye tiketi imeingia lini na imeombwa na nani. Fanya hivyo kila mara bila kununa, sprinti ikiisha unamwonyesha: tulipanga tiketi 10, zikaingia 6, haikutoka hata 1. Hapo huna haja ya kusema tunaonewa, mwache aisome mwenyewe, na pengine atapata cha kuwaonyesha hao wa juu maana usikute naye anabanwa (mabosi wengi wa katikati wako hivyo, hawasemi tu).

Retro nayo, acheni vikaratasi 20, chagueni jambo moja dogo, liwe tiketi ya sprinti inayofuata na lina mwenyewe. Toleo la 2017 la huo mwongozo wa Skramu lilitaka angalau boresho moja liingie kwenye sprinti, la 2020 likalegeza, mi nawashauri mshike la 2017. Anzeni na stendapu iishe kwa dakika 15, haimgharimu mtu kitu.

Kukaa au kusepa? Sprinti chache zitakuonyesha. Hata hilo dogo likikataliwa, anza kutafuta kazi ukiwa bado unalipwa, na kwenye usaili nawe uliza lako: "mara ya mwisho retro ilibadilisha nini hapa?" Wakitaja kitu, hata kidogo, endelea kuongea nao. Wakianza kukuonyesha bodi yao ya tiketi ilivyo nzuri, we washukuru uendelee kutafuta.