Quad ESL-57: hesabu volti, si wati

Maswali ya safari hii yote yanahusu spika moja: elektrostatiki ya Quad ya Uingereza, iliyoingia sokoni mwaka 1957. Badala ya koni, hutoa sauti kwa utando mwembamba wenye chaji, ndiyo maana nayo huchomekwa kwenye umeme.

Amplifaya yangu ni ya wati 100. Nikisikiliza kwa sauti ya chini, si nitakuwa salama?

Mpaka siku mkono utakapoteleza. Paneli ya sauti nyembamba, yaani sauti za juu, huhimili kilele cha volti 33 hivi. Ikizidi hapo, cheche huruka na kuutoboa utando. Sasa piga hesabu: wati 100 kwenye omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika) ni volti 28 za RMS, kipimo cha kawaida cha umeme wa mawimbi, na kilele chake ni 40. Waya wa kuingizia sauti ukichomoka wakati mashine inawaka, mngurumo hupita kwa nguvu zote, basi, paneli imekwenda. Wati 50 kwenye omu 8 zinatoa kilele cha volti 28, una akiba kidogo. Amplifaya ya Quad 303, yenye wati 45, inafaa sana. Ile ya Quad 405 usiiunganishe bila kupunguziwa volti kwanza.

Na amplifaya ya valvu, zile taa za kioo za zamani, ya wati 15?

Quad II ina wati hizohizo, na ndiyo iliyokuwa mwenzi wa spika hii tangu mwanzo. Kwa chumba cha kawaida inatosha. Dansi katafute kwingine. Angalia zaidi omu. Spika hii hupanda kupita omu 30 kwenye besi, halafu karibu na hezi 18,000 hushuka hadi kama 2, tena ikiwa mzigo wa kapasita, yaani wa kifaa kinachohifadhi chaji. Amplifaya isiyotulia huanza kutetema yenyewe kwa masafa ya juu usiyoyasikia, ikajiunguza au ikaunguza spika. Amplifaya za valvu zisizo na mrejesho hasi (sehemu ya sauti inayotoka kurudishwa mwanzoni ili kusahihisha makosa) nazo huzimeza sauti za juu. Waya wa spika uwe mfupi na wa kawaida. Zile nyaya za kusukwa za bei mbaya huongeza kapasita tu.

Sauti ya spika ya kushoto iko chini kuliko ya kulia. Paneli imekufa?

Usiihukumu bado. Badilishana nyaya za kushoto na kulia kwanza. Unyonge ukihamia upande wa pili, kosa ni la amplifaya. Ukibaki palepale, hakikisha kichaguzi cha volti za umeme kimewekwa sawa na umeme wa nyumbani, kisha iache spika ikiwaka usiku kucha, maana unyevu huvujisha chaji. Bado? Mara nyingi ni diodi na kapasita zilizochoka za kizidishi volti, sakiti ya ndani inayopandisha volti za kuchaji utando. Humo mna volti 6,000 za besi na 1,500 za sauti nyembamba. Mita ya kawaida itaungua, na hata ikipona itazivuta volti chini ikupe jibu la uongo. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye kifaa cha volti kubwa.

Besi imepotea tangu nizisogeze ukutani.

Mgongo wake nao unatoa sauti, iliyogeuzwa, ambayo ikigonga ukuta wa karibu na kurudi huifuta besi ya mbele. Ziache mita moja au zaidi kutoka ukutani, zikitazama kiti chako. Ziinue pia sentimita 30 hivi na kuzisimamisha wima, ile paneli ya katikati ya sauti nyembamba ifike usawa wa sikio.

Naweza kufungua wavu nifute vumbi?

Hapana. Pangusa kwa nje, ukishachomoa umeme.