Usalama na mazingira kwenye miteremko ya skii: anza na wale usiowaona

Ndugu, umeuliza kama mtu akivaa kofia ngumu na asipotupa takataka atakuwa ametimiza wajibu wake kwenye miteremko ya skii, yaani ya kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu zinazofungwa miguuni. Hayo mawili ni ya lazima, lakini kwa miaka ambayo nimekuwa nikiteleza nimeona kwamba madhara makubwa huwapata wale ambao mtelezaji hakuwaona, wawe watu, wanyama au miti, na hapo ndipo ningependa uanzie.

Shirikisho la Kimataifa la Skii na Snowboard, FIS, lina kanuni 10 za mwenendo, na iliyo nzito kuliko zote machoni pangu ni ile inayomtaka anayetoka nyuma achague njia isiyomhatarisha aliye mbele. Aliye mbele hana macho kisogoni, na anaweza kukata kona au kuanguka wakati wowote. Kwa hiyo mwendo wako upimwe kwa umbali unaoweza kuuona, si kwa ustadi wako: ukikaribia ukingo ambao huoni kilicho chini yake, punguza mwendo ukiamini kwamba kuna mtu hapo. Nawe ukitaka kupumzika, usisimame chini ya ukingo wa namna hiyo wala mahali pembamba, bali sogea pembeni, na kabla ya kuondoka tazama juu.

Nimewahi kusaidia kumlinda mtelezaji aliyevunjika mguu mahali kama hapo. Tulichomeka skii mbili kwenye theluji zikapishana kama herufi X, hatua kadhaa juu yake, mwenzangu akapanda hadi ukingoni kuwapungia mikono waliokuwa wakishuka, nami nikawapigia simu waokoaji nikiwasomea namba iliyoandikwa kwenye nguzo ya pembeni mwa njia. Bila yule wa ukingoni, alama yetu isingeonekana mpaka mtu awe ameshatufikia.

Njia zikifungwa jioni, heshimu katazo hilo. Kwenye miteremko mikali, mashine za kusawazisha theluji hushikiliwa na waya wa chuma unaoweza kufika urefu wa mita 1,000. Waya huo huweza kulala chini ya theluji kisha ukakaza na kuruka juu ghafla, na gizani hauonekani kabisa. Watu wamekufa kwa kuugonga.

Kamba iliyofungwa ukingoni mwa msitu nayo ina sababu zake. Katika milima ya Alps kuna ndege wa jamii ya kwale, wenye madume meusi, ambao wakati wa baridi hujichimbia shimo kwenye theluji na kukaa humo sehemu kubwa ya siku, kwa kuwa chakula chao ni duni na hawana nguvu za kupoteza. Mtelezaji akipita karibu, ndege huruka kwa hofu na kutumia akiba aliyohitaji ili amalize majira hayo akiwa hai, na akishtuliwa mara kwa mara anaweza kufa bila mtu kujua. Ndiyo maana Uswisi imetenga maeneo ya utulivu wa wanyamapori na kuyaonyesha kwenye ramani. Yaangalie kabla ya kutoka nje ya njia rasmi, pamoja na taarifa ya siku hiyo kuhusu hatari ya maporomoko ya theluji. Ukipita ukingoni mwa msitu ambako theluji ni chache, tazama vichwa vya miche ya misonobari: utaviona vimekatwa kwa mkato ulionyooka, kazi ya kingo za chuma za skii, na mche uliopoteza ncha yake ya kukulia hudumaa kwa miaka.

Kuhusu nta inayopakwa chini ya skii ili ziteleze vizuri, nunua isiyo na kemikali za florini, kwa sababu kemikali hizo hubaki kwenye theluji na kuingia kwenye udongo na maji bila kuoza. FIS yenyewe imezipiga marufuku mashindanoni tangu msimu wa 2023/24. Hata hivyo, sehemu kubwa ya uchafuzi wa hewa katika mchezo huu hutokana na safari ya kwenda mlimani, kwa hiyo kama treni inafika, panda treni, na ukae siku nyingi kwa safari moja badala ya kwenda na kurudi kila wikendi.