Barua kwa mwanangu: kuhusu kitabu ulichokikuta begini

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma nikiwa kwenye foleni ya dawa, nikaurudia nyumbani nilipovaa miwani. Unauliza mambo mawili: kama ni mimi niliyempa mjukuu wangu Rosa Mistika uliyoikuta begini aliporudi Dodoma, na kama kitabu kile kinamfaa mtoto wa Kidato cha Pili. La kwanza ni jepesi. Sikumpa. Kilikuwa mezani sebuleni pamoja na vingine nilivyokuwa nasoma kiangazi hiki, na katika nyumba hii vitabu havifungiwi kabatini, hata vile ambavyo marehemu baba yako alitaka vifungiwe.

La pili tutalifikia. Kwanza nikueleze nilikuwa nasoma nini, maana hukuuliza.

Nilianza na Peponi ya Abdulrazak Gurnah, ile tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyochapwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mzee yule kupewa Nobel. Nilikuwa nasomea baraza ya nyuma, maana mbele majirani wameanika dagaa na upepo wa ziwa hauna adabu. Yusuf ana miaka 12. Baba yake anamtoa kwa tajiri Aziz kufidia deni, na pale nyumbani hakuna mtu mzima hata mmoja anayefungua kinywa kumwambia. Mtoto anapanda treni kama anayekwenda kutembea. Anayekuja kumfungua macho ni Khalil, kijana wa dukani, ambaye naye alitolewa hivyo hivyo. Nilipofika hapo nilikifunika kitabu nikaenda kuwapa kuku maji, na kuku walikuwa na maji. Deni sikulikasirikia sana. Nani hajadaiwa? Nilikasirikia kule kunyamaza kwa mama mtu na baba mtu, wanamfungia mtoto nguo huku wakimtazama. Halafu nikajiuliza, wangemwambia nini? Mtoto wa miaka 12 unamweleza vipi kwamba yeye ndiye malipo? Sijui. Lakini bado nimekasirika.

Baada ya hapo nilitaka kupumua, nikamchukua Bwana Msa, yule mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale. Cha mwaka 1960 kile, na bado kinasomeka kwa raha. Najum, rafiki yake, anauliza maswali ya kijinga ili sisi wasomaji tusilazimike kuyauliza. Siku mbili tatu nikawa nimemaliza, sina zaidi la kusema.

Ndipo nikamrudia Rosa.

Unajua Kezilahabi, aliyekiandika, alizaliwa Namagondo, kule Ukerewe, na kijiji anachokaa Zakaria na mkewe Regina na mabinti zao, Rosa akiwemo, ni hicho hicho Namagondo. Kitabu kilitoka mwaka 1971. Wakubwa wakakipiga marufuku mashuleni, miaka ikapita, wakakirudisha na kukitungia maswali ya mtihani. Waliokatazwa kukisoma wakaja kuwasahihishia watoto insha zake, mimi nikiwa mmoja wao. Lakini nilipokishika mara ya kwanza nilikuwa Kidato cha Pili, umri wa huyo binti yako, na kilikuwa kimevikwa jalada la Biolojia.

Nakala ilikuwa moja tu bweni zima. Kulikuwa na orodha ya majina nyuma ya daftari la mtu, na kila jina lilikuwa na usiku mmoja. Usiku mmoja, mwanangu! Unasoma chini ya blanketi, tochi umeishika kwa meno, betri unaiomba Mungu. Nilisoma Zakaria anavyompiga Rosa kwa ajili ya barua ya Charles, mgongo wangu ukawaka kama ni mimi. Nilisoma Rosa anavyofika chuo Morogoro na kuachia kila kitu alichokuwa amefungiwa. Hapo nilikuwa naogopa kugeuza ukurasa, na nilikuwa nageuza. Halafu Charles anarudi. Charles yule yule wa barua. Anataka kumwoa. Nikasema moyoni, sasa!

Na sasa ndiyo blanketi likafunuliwa. Matroni hakusema neno. Alikitoa kitabu mikononi mwangu, akakitia kwapani akaenda nacho. Adhabu niliyopewa siikumbuki hata kidogo. Ninachokumbuka ni kile kitabu kikiondoka kwapani mwa mtu ambaye, nakuapia, alikwenda kukimalizia mwenyewe.

Mama yako wa ubatizo alikuwa mbele yangu kwenye orodha, usiku wake ulikuwa umepita salama. Asubuhi nikamfuata bombani, anafua. Nikamuuliza, "Inaishaje?" Hakuinua hata kichwa. Akasema, "Wanaoana." Nikamwambia nisimulie basi. Akasimulia. Mwanangu, harusi ile! Mtumbwi wa ndugu wa bwana harusi unaingia Ukerewe na ngoma, Zakaria ameacha pombe, amevaa koti, anasimama kutoa nasaha machozi yanamtoka, anamwomba binti yake radhi mbele ya watu. Alivyosimulia utadhani alikula pilau yake.

Nikaishi na harusi hiyo miaka na miaka. Nimesema siku zote nanyi mmeshachoka kunisikia: kitabu usichokimaliza hukijui, unajua hadithi yako mwenyewe.

Sasa ile hadithi ya mkunga wa melini unaijua. Kila Krismasi baba yako aliisimulia na kila Krismasi mlicheka: jinsi tulivyokuwa kwenye MV Victoria usiku, tunakwenda Bukoba kwa bibi yako, mimba yako imekuwa kubwa, mimi nikaanza kulia, naye akazunguka meli nzima akiwaamsha abiria kuuliza nani mkunga. Alikuwa anaisimulia vizuri. Ila hakuwahi kusema nililia nini, kwa sababu sikumwambia. Mchana ule nilikuwa nimekiona kitabu dukani mjini, nikakinunua ili nisome tena harusi. Nikafika pale Charles anapojua kwamba Rosa si bikira, akamwacha. Nikadhani ni vikwazo vya kawaida, watapatana. Kurasa zinapungua na harusi haionekani. Halafu Rosa anakufa, kwa mkono wake mwenyewe, na hata huko mbele ya Mungu yeye na baba yake bado wanashitakiana. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Huzuni ilikuja Bukoba.

Nilimwandikia mama yako wa ubatizo siku hiyo hiyo. Hakujibu kwa barua. Alikuja kukuona ulipozaliwa, akakupakata, nikamuuliza kwa nini alinidanganya. Akaniambia, "Wewe ulitaka ukweli au ulitaka usingizi? Ulikuwa umelia usiku kucha." Anacheka mpaka leo nikimkumbusha. Mimi sicheki sana. Kuna siku naona alinihurumia, mtoto mwenzangu, yeye alikwisha meza ile sumu peke yake na hakutaka nami niimeze. Kuna siku naona aliniibia. Kama ningejua Charles alivyofanya, labda kuna mwanamume mmoja kabla ya baba yako nisingemsubiri kiasi kile. Lakini hapo namsingizia, ningemsubiri tu. Nilikuwa hivyo.

Kiangazi hiki nimekisoma hadi mwisho, bila haraka, na nimeshangaa. Nilipokuwa msichana, mwovu alikuwa Zakaria. Nilipokuwa na mimba yako, mwovu alikuwa Charles, yeye na usafi wake anaoutafuta kwa wenzake. Safari hii macho yalikwama kwa Regina. Analima, anapika, anapigwa, anawapenda wanawe, na nilikuwa nampita tu kila mara kama mtu anavyoipita nguzo ya nyumba. Nimejikuta namuuliza kwa sauti, hapa barazani: mama, ulikuwa unajua nini? Barua zile za Rosa ulizisoma ukaona nini? Halafu nikamwonea huruma, nikasema angemwambia nini binti yake mbele ya mume kama yule. Halafu nikaona hapana, mbele ya mume asingeweza, lakini shambani walikuwa wawili peke yao. Sijamaliza naye.

Kwa hiyo unaniuliza kama kinamfaa. Mimi nilimfaa nani nilipokuwa na miaka kumi na minne? Shuleni tulikaririshwa Utenzi wa Hati, Shaaban Robert anavyomwusia binti yake, na ni mausia mazuri, mpaka leo beti zinanitoka nikiosha vyombo. Hakuna matroni aliyetunyang'anya. Hakuna pia aliyewasha tochi kwa ajili yake.

Wewe ndiye mama yake, na nilijiahidi ulipoolewa kwamba sitakuamulia mambo ya nyumba yako. Kwa hiyo sisemi mpe, wala sisemi mnyang'anye. Natamani kusema. Umeniona nimeuma ulimi katika jambo la shule ya bweni, na hili nauma vilevile. Ila kama utakichukua, muulize kwanza amefika wapi. Akiwa bado kwa Charles anarudi, usimwache hapo. Kaa naye umwambie mwisho wake, wa kweli, usije ukanitungia harusi. Na usimsubiri aulize, kwa sababu hatakuuliza wewe. Atamuuliza mwenzake bombani.

Nakala hiyo ni yangu na Desemba naitaka, jalada likiwemo. Mwambie pia Bwana Msa yuko mezani, na miwani yangu ya zamani ameondoka nayo, airudishe.

Mama yako