Mpe mtoto kana, kisha ukalie mikono yako

Mwaka wa kwanza niliwafundisha vibaya watoto kuendesha chombo cha tanga, na kosa lilikuwa la mkono wangu. Nilikuwa nimechonga kingalawa kutoka gogo la mwembe ulioanguka nyuma ya nyumba, huku kwetu Jambiani, Unguja, nikakitilia ndubi mbili, vielea vya ubavuni, za mbao nyepesi. Tanga tulilishona kwa magunia manne ya sandarusi yaliyokuwa ya unga, kwa uzi wa kushonea nyavu. Binti yangu, wakati ule ana miaka tisa, akashika kana, mti wa kugeuzia usukani. Mimi nikakaa kati na demani, kamba ya kuongozea tanga, mkononi, na kila omo, yaani mbele ya chombo, ilipopotoka kidogo, mkono wangu ulishafika nyuma kurekebisha.

Mkono ulipochoka, ukafuata mdomo. "Kulia! Kulia nimesema!" Naye, mtoto mtiifu, akasukuma kana kulia. Wanaojua usukani wanajua kilichofuata: chombo kilikwenda kushoto, tukaingia katikati ya shamba la mwani la shangazi yake. Vigingi viwili viling'oka. Nilivirudisha siku ile ile, lakini maneno ya shangazi niliyasikia wiki nzima.

Tangu hapo sisemi tena kulia wala kushoto. Kana huenda upande mmoja na omo upande wa pili, na mtoto hajui unataja kipi. Nasema, "Peleka omo kwenye mnazi uliopinda." Baadaye, "Sasa paa la bati." Akikosea, chombo chenyewe kitamwambia: mnazi utahama mbele yake, na mkono wake utatafuta njia. Siku ya tatu hivi utaona hasukumi tena kana kwa nguvu, anaigusa tu. Wewe hapo kalia mikono yako. Kwangu hilo lilikuwa gumu kuliko kuchonga gogo.

Ila tanga lisiwe la kwanza. Mpwa wangu nilimwanzishia chombo kitupu, bila ndubi wala mlingoti, kwenye maji ya kifuani mwangu, na somo la kwanza lilikuwa kupinduka. Tulipinduka makusudi mara nyingi, tukicheka, mpaka akazoea kwamba chombo cha mti kikijaa maji bado kinaelea, na kwamba mtu hushikilia chombo, haogelei kukimbilia pwani. Kuogelea alikuwa anajua tayari. Asiyejua afundishwe hilo kwanza, na hata anayejua avae jaketi la kuokolea.

Kisha kafi, kasia fupi la mkono. Mchongee ya kimo chake, imfike kidevuni akisimama. Za wakubwa humchosha, halafu utasema mtoto mvivu. Mwanzoni atazunguka kama kuku aliyefungwa mguu, kwa sababu anapiga upande mmoja. Muoneshe mara moja tu jinsi ya kugeuza bapa la kafi mwisho wa pigo, omo irudi. Na kila mtoto awe na kopo lake la kukumbia maji, limefungwa kwa kamba, maana lisilofungwa huwa la kwanza kuondoka.

Wakati wa kwenda nao majini ni jambo ambalo sitanii. Pwani yetu inatazama mashariki, kwa hiyo kusi na kaskazi, pepo zetu mbili za msimu, zote hutoka upande wa bahari. Mtoto akilegea, upepo humrudisha nyumbani. Umande, upepo wa alfajiri, ndio hutoka nchi kavu, hivyo tunangoja jua lipande. Tunaingia maji yakiwa yanajaa, tunatoka kabla hayajaanza kupwa. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo saa ya jana si ya leo. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, ni bamvua, maji ya kujaa na kupwa sana: yakipwa huvuta kwa nguvu kuelekea mlango wa mwamba, pengo la kutokea bahari kuu. Siku hizo watoto wanabaki na vingalawa vyao vya kuchezea, vile vya kukimbizana navyo ufukweni. Navyo vinafundisha. Mtoto aliyewahi kusogeza mlingoti wa kingalawa chake kidogo mbele, kidogo nyuma, mpaka kikaacha kujigeuza, huhitaji maneno machache sana akikaa kwenye chombo cha kweli.

Tanga likishatwekwa, sheria ni moja: demani haifungwi popote. Inashikwa mkononi, kwa kuzungushwa mara moja kwenye mti wa ndubi ukitaka kupumzisha vidole. Upepo ukija ghafla anaachia, tanga linapepea, chombo kinatulia. Nimewahi kumkuta mpwa wangu ameifunga fundo ili ale embe. Embe lilibaki baharini na yeye akarudi pwani kwa miguu, maji ya kiunoni, akivuta chombo.

Majirani walikuwa wakiniuliza mtoto wa kike atakwenda wapi na usukani. Sikuwajibu. Siku za kuvuna mwani, shangazi yake humwita yeye asafirishe magunia mpaka pwani kwa kingalawa kile kile, nami nikitaka kupanda huniambia nishuke, nazidisha uzito.